Kodi ya Bibi wa Pili

Siku ya kwanza nilipoingia biro ya teritware, ofisi ya serikali ya eneo, pale Kasongo, karani mkuu hakunipa kalamu. Alinionyesha kiti karibu na dirisha, akaniambia nisikilize watu waliokuja kulipa kodi. Adhuhuri aliniuliza nimejifunza nini. Nilimjibu kwamba mtu aliyekuja na baiskeli mpya na mtu aliyekuja peku wamelipa sawasawa.

"Basi kazi umeielewa," alisema. "Sasa jifunze kunyamaza."

Vijana wa leo wakisikia kodi hufikiria mapato. Wakati wa Wabelgiji, kwetu kodi ilikuwa ya kichwa: kila mwanaume mzima alilipa kiasi kilekile kilichopangwa kwa eneo lake. Mfanyakazi wa machimbo hakuja dirishani kwetu, kwa sababu kampuni ilimkata kwenye mshahara kabla hajaushika. Mkulima alingoja auze pamba, na bei ya pamba hakuipanga yeye. Akishindwa kulipa, alipelekwa buloko, yaani gerezani, na kufyeka majani kando ya barabara.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwenye bibi zaidi ya mmoja aliongezewa kodi kwa kila bibi wa ziada, na mwenye bibi mmoja na watoto wengi alisamehewa. Serikali ilihesabu wake na watoto, mali haikuitazama. Jirani yangu Ramazani, mfanyabiashara aliyekuwa na kamio, lori la kubeba mchele na mafuta ya mawese, alikuwa na bibi mmoja na nyumba iliyojaa watoto. Hakulipa kitu. Alikuwa mtu mwema, na kila alipopita bironi alitusalimia kwa kicheko.

Baadaye nilihamishiwa Kabambare, chini ya ajenti wa teritware, Mbelgiji mrefu mwenye hasira za karibu. Tulizunguka vijijini, yeye na meza yake ya kukunja, mimi nikisoma majina na kutafsiri. Katika kijiji kimoja upande wa Lusangi nilimwita mkulima aitwaye Kitenge. Mkuu wa kijiji alikuwa ameripoti kwamba Kitenge sasa ana bibi wawili.

Kitenge alisogea na kodi yake moja mkononi. "Bwana karani, yule mwanamke haiko bibi yangu. Ni bibi ya ndugu yangu, na ndugu yangu alikufa. Nimufukuze aende wapi?"

Nilitafsiri. Ajenti hakuinua kichwa. "Wote wanasema hivyo. Alipe ya pili, au aende buloko."

Nilijua maana yake. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mwanaume aliyefungwa wakati wa kupanda hurudi na kukuta mwaka mzima umepotea. Nilitafsiri polepole, nikiona aibu kwa kila neno.

Ndipo mwanamke mwenyewe akatoka katikati ya watu. Jina lake lilikuwa Mama Feza. Alipiga goti kidogo kwa heshima, kisha akasimama wima.

"Bwana, miye sina bwana," alisema. "Nyumba yangu ile pale. Shamba nalima mwenyewe, moto nawasha mwenyewe. Kama muko na mashaka, mukuje muone."

Nilipomaliza kutafsiri nikaongeza langu, ingawa hakuna aliyeniuliza: "Bwana, sheria inasema bibi. Haisemi mjane anayehifadhiwa."

Nilidhani kazi yangu imeishia hapo. Badala yake ajenti akasimama, akavaa kofia yake, akamfuata Mama Feza hadi nyumbani kwake. Aliona jiko lake peke yake, kitanda kimoja, jembe lililoegeshwa mlangoni. Aliporudi alisema neno moja: "Mjane." Nilifuta jina la Mama Feza kwenye kodi ya Kitenge. Kitenge alipokea stakabadhi yake kwa mikono miwili, akaenda shambani bila kuaga mtu.

Njiani ajenti, aliyekuwa amesikia uvumi, aliniuliza kama ni kweli kuna mwenye kamio Kasongo asiyelipa kitu.

"Ni kweli, Bwana. Ana watoto wengi."

"Ni sheria," alisema, akaongeza mwendo.

Miaka ya mwisho ya Wabelgiji nilirudi Kasongo nikiwa karani mkuu. Wakati huo wafanyabiashara wakubwa, na sisi makarani wa mshahara wa juu, tulianza kutozwa kodi ya mapato, iliyopanda kwa ngazi. Watu wengi hawakuielewa. Walidhani ukipanda ngazi, mapato yako yote yanakatwa kwa kiwango cha juu. Sivyo. Ni ile sehemu iliyovuka ngazi tu inayokatwa zaidi. Ya chini inabaki na kiwango chake.

Ramazani alikuja amenuna. "Jirani, sasa munaazibu mutu juu ya akili yake ya biashara?"

Nilimkaribisha, nikamweleza ngazi moja baada ya nyingine, kisha nikamwambia kwamba mimi pia nimekatwa, na mama watoto amenuna kuliko yeye. Alicheka mpaka akashika meza. Akalipa.

Sikuipenda serikali ile, na kodi yake iliwaliza wengi. Lakini kazi yenyewe niliipenda, na sijutii miaka niliyoitumikia. Ilinifundisha kuuliza mtu anabaki na nini nyumbani akishalipa.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga. Juzi nilipeleka kikapu kimoja sokoni, nikaketi kando ya mwanamke mwenye magunia yaliyomzidi kimo. Mtoza ushuru alitudai sawa.

"Muzee, ndiyo sheria ya soko," aliniambia kwa upole.

Nililipa, nikamwambia kwa upole vilevile kwamba ushuru ungepanda kwa ngazi, kikapu kilipe kidogo na magunia yalipe zaidi. Leo asubuhi mkuu wa soko ametuma mtu: anaomba nikamweleze habari za ngazi. Nimeomba viatu vyangu vipigwe rangi.