Kiganja Juu ya Paja

Machinjioni walimwita Kiganja. Kila akishamchinja ng'ombe alimwekea kiganja juu ya paja na kusubiri. Damu ilimjaa kwenye buti, miguu ya mnyama ikirusha mateke hewani, naye katulia tuli. Mpaka nyama itulie chini ya mkono wake, hakuna aliyeruhusiwa kusogea na kisu cha kuchunia. "Bado," alikuwa akisema, na wenye visu wakarudi nyuma. Hiyo ilikuwa adabu ya kazi, na waliomfundisha wamezikwa nayo.

Kisha ukaja umeme wa kumzimisha ng'ombe kabla ya kisu, naye kiganja akawa anakiweka hapo pia. Koleo la chuma kichwani, kitufe, ng'ombe chini, haya, mwingine. Vijana waliokuja na koleo hilo walimcheka kwamba mzee anawaaga wakwe zake. Msimamizi naye akamwambia kiganja chake kinachelewesha magari ya nyama. Alivumilia miaka miwili, halafu siku moja akachoka kuchekwa, akaacha kusubiri. Fahali aliyedhaniwa amezimia akazinduka, akainuka na minyororo yake, akambana kwenye nguzo ya chuma. Aliusikia mgongo wake ukivunjika kama kuni kavu. Kuanzia kiunoni kushuka chini, hakuhisi tena kitu.

Lakini miguu haikukubali kufa. Ikiguswa na maji baridi, hata shuka tu, ilikakamaa kama mbao kisha ikarusha mateke ambayo hata ujanani hakuwa nayo. Ilivunja beseni. Ilipasua kioo cha kabati. Mwezi wa tatu tangu aumie, mkewe akiwa ameinama kumwosha, goti lilimpata mdomoni, meno mawili yakadondokea kwenye maji ya sabuni.

Mkewe hakulia. Alijifuta damu kwa upindo wa nguo, akasema, "Mume wangu, najua si wewe. Lakini mguu huu ukinipiga tena nakwenda kwa dada yangu, na sirudi."

Tangu siku hiyo alimwosha kwa mbali, kwa tambara lililofungwa kwenye mpini wa fagio, kama anayedeki sakafu. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini!

Hospitali ilipomtuma binti wa mazoezi ya viungo na kisanduku chenye nyaya, Kiganja alimtolea maneno makali.

"Umeme ndio ulionilaza hapa, mwanangu. Umekuja kumalizia?"

Binti hakununa. Alimweleza kwamba uti wa mgongo ukiumia, amri ya kuituliza miguu haiifikii tena, ndiyo maana inajifanyia fujo. Umeme mdogo wa nusu saa huwatuliza baadhi ya watu kwa saa chache. Hauponyi. Hilo la kutoponya alilisema mara mbili, na kwa sababu hiyo Kiganja alimruhusu.

Alimbandika vipande vya mpira mapajani, akawasha. Miguu ikaruka. Ilipiga kitanda, ikapiga ukuta hadi plasta ikamwagika, kisigino kikachubuka na kuvuja damu asiyoihisi mwenyewe. Binti akapunguza nguvu, akaziba kisigino kwa pamba, hakuzima. Mkewe alisimama mlangoni, mkono mdomoni, palipokuwa na meno. Polepole mateke yakawa mtetemo, na mtetemo ukaisha.

"Tayari, mama," binti alisema akivua nyaya. "Unaweza kumwosha."

"Bado," alisema Kiganja.

Aliweka kiganja juu ya paja lake mwenyewe. Paja halikujua kwamba limeshikwa, ila mkono ulijua. Binti alitazama saa, wagonjwa wengine wakimngoja. Kiganja hakumjali. Chini ya mkono nyama ilipita mbio mara moja, kama panya chini ya mkeka. Mkewe, aliyekwishainua mguu kuingia, akaurudisha. Maji yakapoa, akaenda kuongeza ya moto, akarudi, akangoja. Nyama ikatetema tena, kidogo. Halafu kimya.

"Njoo sasa," alisema.

Mkewe aliliegemeza fagio mlangoni, akaja, akapiga magoti, uso wake karibu kabisa na goti. Alimwosha kwa mikono yake. Kiganja hakuuondoa mkono wake mpaka alipomaliza.