Nani Ashike Ufunguo wa Ghala

Sindano alipewa jina hilo kwa mambo mawili: kazi yake ya kushona, na mdomo wake. Alikuwa na chumba cha mbele chenye cherehani, meza ya kukatia na waya wa kutundikia sare za shule. Mteja aliyekuja kudai suruali kabla ya siku waliyopatana aliondoka na vidonge vyake, suruali akaiacha pale pale. Mwanamke wa shoka. Ila wiki nzima hakuwa na pa kwenda: kitandani hadi cherehani, cherehani hadi kitandani. Mchana wa Jumapili tu ndio uliokuwa wake.

Jumapili alikwenda kwa Kinyozi, na si kunyoa. Kinyozi alikuwa bwana mnene, mpole, asiyejua kukasirika. Siku hiyo alifunga duka, akavisogeza ukutani viti vyake vya kuzunguka, akaweka meza katikati, watu wakakaa kucheza. Mchezo wenyewe hauna karata. Kila mtu anajifanya mtu fulani, Kinyozi anasimulia yanayomfika, wewe unasema utafanya nini, kisha dadu inarushwa kuamua kama umeweza au umejitia aibu. Watu wazima na akili zao, wanabishana kama mtu asiyekuwepo afungue mlango usiokuwepo. Sindano alipoelezwa mara ya kwanza alicheka hadi akajishika mbavu. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Wakati huo walikuwa wanne: Kinyozi, Sindano, mumewe Dereva, na dada wa Dereva anayeuza dawa kwenye duka la mtaa wa pili. Huyo Sindano humwita wifi, naye humwita hivyo hivyo.

Kisha ndoa ikaenda mrama. Dereva hakusema amepigwa wala amenyimwa heshima. Alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema amechoka kuishi na mkono wa birika. Sukari inafungiwa kabatini, mchele unafungiwa kabatini, ufunguo mama huyu anaufunga pindoni mwa nguo, na yeye mwenye nyumba akitaka chai anaomba kama anayeomba mkopo. Wazee wakacheka. Kicheko hicho kilimchoma Sindano kuliko talaka yenyewe. Talaka aliikunja akaiweka. Kicheko kilikaa.

Dereva akaacha kufika kwa Kinyozi, na mchezo wao wa zamani ukaisha wakiwa watatu, wakijikongoja. Kinyozi akatafuta mingine. Safari hii alitaka ya dunia iliyokwisha: miji imebomoka, serikali hakuna, waliobaki wanahangaika. Alipata mitatu, yote inataka watu wanne. Wifi akaenda kumchukua kaka yake.

Sindano alipoambiwa, alisema basi yeye haji. Wifi akakaa juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu, akamtazama.

"Umeachana na kaka yangu," akasema. "Mimi hujaniacha."

Sindano akaenda. Lakini alimwambia wifi yake wazi: ukichaguliwa mchezo wa kumfanya avumilie jeuri ya Dereva kila wiki, anabeba mkoba wake na hapo hawamwoni tena. Wifi alijua kwamba Sindano akisema haji, haji. Sindano hajamtembelea hata shangazi yake mwenyewe tangu walipogombania sufuria.

Kinyozi akasema wataonja yote mitatu, kidogo kidogo, halafu waamue. Dereva alikaa upande wa pili wa meza, amenyoa vizuri, anajitia hamnazo. Alimsalimu Sindano. Sindano akaitikia. Yakaishia hapo.

Wa kwanza uliitwa Njia ya Vumbi. Magari mabovu, mafuta ya shida, kila mtu na lwake. Dereva macho yakamng'aa. Dadu ikampa lori, na jambo la kwanza alilofanya ni kujaza tangi na kuondoka, akimwacha kituoni mtu anayechezwa na Sindano, kopo mkononi. Hakuna aliyecheka. Sindano akaweka penseli chini taratibu, na wifi yake akaona mkono wa mwenzake ukiusogelea mkoba.

"Tuonje wa pili," Wifi akasema haraka.

Wa pili ulikuwa wa watu waliojichimbia ardhini, na juu yao wafu wanatembea. Huo ulikwisha hata kabla ya chai kumalizika. Wifi alisikia mtu anakwaruza mlango akaufungua aone ni nani, wakaliwa wote. Dereva akamwambia dada yake kwamba hata utotoni alikuwa hivyo hivyo, mlango ukigongwa lazima achungulie. Sindano alitaka kucheka, akajizuia.

Wa tatu uliitwa Ghala. Watu wachache wamebaki kijijini, chakula chao chote kiko chumba kimoja, na msimu wa mavuno uko mbali. Kinyozi akasoma sheria: kabla ya lolote, wachezaji wamchague mshika ufunguo. Huyo akikataa kutoa, dadu haimpingi. Akikosea, wote wanakufa. Ili wawe na cha kushika, Kinyozi akauweka mezani ufunguo wa duka lake.

Wifi akasema ashike yeye, kila siku anahesabu vidonge. Dereva akatikisa kichwa.

"Mpeni huyo," akasema, akimwonyesha Sindano kwa kidevu.

Sindano akauliza kwa sauti ya chini kama anamsimanga.

"Sikusimangi. Miaka yote ile hatukulala njaa. Hata nilipokaa bila gari, bila kazi, tulikula. Nilisema kabati limefungwa. Sikusema ndani kulikuwa na nini."

"Na mbele ya wazee, hili ulilisahau?"

Dereva akaichezea dadu. Wifi akamwambia, "Kaka, umeulizwa."

"Sikulisahau," akasema. "Siku ile lilikuwa halinisaidii."

Sindano hakulia wala hakumwambia yameisha, maana hayakuisha. Alinyoosha mkono akauchukua ufunguo.

Wakaanza. Mtu wa Dereva akawa wa kwanza kufika ghalani, anataka maji na unga. Sindano akamuuliza ana watu wangapi nyumbani kwake.

"Niko peke yangu," Dereva akajibu.

"Basi utapata cha mtu mmoja," akasema Sindano. "Na debe nirudishie."

Wifi akacheka hadi kiti kikazunguka. Dereva naye akacheka, akaandika alichopewa. Waliendelea mpaka chai ya pili ikapoa, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenzake wamechagua upi.

Jua lilipokaribia kutua wakainuka. Sindano alikuwa ameshafika barabarani, mkoba begani, Kinyozi alipomwita kutoka mlangoni.

"Mama, ufunguo wangu. Nitafungaje?"

Akajishika pindoni. Ulikuwepo, umefungwa fundo. Akaufungua, akarudi kumpa.

"Jumapili usiusahau nyumbani," akamwambia.

Akaenda zake. Kulikuwa na sare za watu zinamngoja.