Debe Langu la Dakika Kumi na Tisa

Nilikwenda mashineni kumfumania mume wangu. Naliweka hilo mwanzoni ili nisije nikajipamba mbele ya safari.

Tulikuwa Usangu, tambarare za Mbeya, mwaka wangu wa pili tangu nitoke kwetu Kalenga, Iringa, kuja kuolewa. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Injini ya zamani ilikuwa imekufa, na ile mpya ilipoletwa, ya kijani, kubwa mara mbili ya mwenzake, watu waliimba. Tuliambiwa foleni imekwisha: utafika, utasaga, utarudi kupika. Basi injini ikaunguruma mpaka ng'ombe wakahama mto, na foleni ikabaki palepale. Nilikuwa natoka asubuhi na mtoto wa miezi saba mgongoni, narudi jua linazama, mtoto amelia mpaka sauti imekauka.

Wanaume wote walikuwa wanaitazama injini. Mume wangu akabadilisha chujio la dizeli. Akakaza mkanda. Akageuza nyundo za ndani ya mashine, upande uliolika ukaenda nyuma. Fundi akaitwa kutoka Mbeya mjini. Akatega sikio kwenye injini kama daktari, akasema hii ni nzima kabisa, akala kuku wetu, akaondoka.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja, mke wa mfugaji, katika wale watu wa ng'ombe waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Mrefu, mcheshi, shingo imejaa shanga. Zamu alikuwa anangoja kama sisi, lakini ikifika zamu yake haichukui muda. Debe linamiminwa, linasagwa, huyo anakwenda. Wanawake wakaona. Jirani yangu akaniambia kisimani, bila hata kuinua macho kwenye ndoo yake: "Leo umeshamsalimia mke mwenzio?"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nikatandika kitenge, nikafunga nguo zangu mbili na nepi za mtoto, furushi nikalisukuma chini ya kitanda. Nikihakikisha tu, napanda lori la kwanza kurudi kwa mama. Mume wangu sikumwuliza kitu. Yeye ni mtu wa maneno machache, na mimi nikiwa na hasira siulizi, nahukumu.

Ila nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na mwalimu wetu wa fizikia alikuwa hataki kusikia mtu anasema "naona kama". Pima, halafu useme. Nilikuwa bado na saa ya mkononi niliyopewa na baba nilipomaliza shule. Furushi lilipofikisha wiki chini ya kitanda, nikaivaa, nikajitwika debe langu, nikachukua na kipande cha penseli.

Siku hiyo yule mwanamke alikuwa mbele yangu na madebe mawili. Nikakaa juu ya gunia karibu na mlango. Debe lake la kwanza: dakika nne. Nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. La pili akalisogeza pembeni, akaniambia nitangulie, mtoto wangu ana njaa. Wema wake ulinichoma kuliko kiburi.

Langu lilichukua dakika kumi na tisa. Mara tatu mume wangu alisimamisha mashine, akafungua kifuniko, akakwangua, akafunga. Tena nikaona nililolifuata: kwa debe la yule mwanamke alikivuta chote kile kibati kinachozuia mahindi yasishuke, kwa langu alikivuta kidogo tu, mahindi yakawa yanadondoka kama machozi.

"Toka hapo," nikamwambia. "Nasaga mwenyewe."

Akatoka. Akampokea mtoto mgongoni kwangu, akasimama naye mlangoni, mikono imejaa unga.

Nikamimina debe la pili la yule mwanamke, kibati nikakivuta chote. Dakika nne, kwa mkono wangu, mimi niliyekuwa namchukia. Nikachukua debe la jirani yangu wa kisimani, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, nikafanya vilevile. Mashine ikaguna, mkanda ukaanza kupiga makofi, halafu unga ukakatika kabisa. Mume wangu akawahi kuzima. Alipofungua kifuniko nikalitazama kwa mara ya kwanza lile chekeche, bati lenye matundu ambalo unga wote lazima upitie. Lilikuwa limekandikwa kama ukuta wa nyumba. Nikapitisha kidole, nikatoka na donge.

Nikauma punje iliyobaki kwenye debe langu. Ikabonyea. Nikaokota ya yule mwanamke. Ikapasuka na jino likaniuma.

Nikamwuliza mahindi yake anayafanyaje.

"Sifanyi kitu, dada," akasema. "Mahindi inakauka, nasaga. Ile kuloweka kwenu mimi nilishindwa. Ugali mweupe, lakini mtu unazeeka hujala."

Sisi tuliotoka milimani, na wanawake wengi pale tulitoka huko, tunakoboa, tunaloweka siku tatu, tunaosha, tunaanika, ndipo tunasaga. Mwanamke asiyeloweka tunamwita mvivu, na mimi nilikuwa nimemwita hivyo. Lakini yalikuwa masika. Tulikuwa tunaanika kwa muda wa saa mbili tu, tunakimbiza mvua, tunapeleka mashineni mahindi yaliyokauka nje, ndani mabichi. Ingeletwa hata injini ya treni, ingefika kwenye lile chekeche ikakuta tope.

Bado sikujiamini. Nikamwacha mume wangu akikwangua chekeche, nikakimbia nyumbani, nikajaza debe la mahindi makavu ambayo sijayagusa kwa maji, nikarudi, nikamwambia asage yeye. Mke ni yuleyule, mume yuleyule, mashine ileile. Nimebadilisha kitu kimoja tu. Dakika tano.

Nilisimama pale na saa yangu, hasira zote zipo na sina pa kuzipeleka.

Nje kulikuwa na foleni ya wanawake. Nikatoka, nikawaambia mashine haina ugonjwa, mahindi yetu ndiyo mabichi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi juu ya debe lake, akanitazama kuanzia miguuni.

"Kwa hiyo mwanangu unatuambia hatujui kuanika."

"Mimi ndiye sijui, mama," nikasema. "Langu ndilo baya kuliko yote. Dakika kumi na tisa, nimeandika."

Nikampa kadi ya kliniki. Akaigeuza, akaona uzito wa mtoto upande mmoja na aibu yangu upande wa pili, akaguna, akanirudishia. Halafu akauma punje yake mwenyewe, akalibeba debe lake akarudi nalo kwao. Hakuaga.

Tangu siku hiyo mahindi makavu yalisagwa kwanza na mabichi yakangoja mwisho. Mume wangu akawa anauma punje ya kila debe kabla ya kulipokea, na jirani yangu akatangaza kwamba yule bwana sasa anakula kwa kila mwanamke. Safari hiyo nilicheka kwa kweli.

Lakini jioni ile tulirudi pamoja, yeye na debe begani, watu wanamtazama, mimi na mtoto. Tulifika karibu na nyumba ndipo akasema:

"Ile saa uliileta kwa ajili ya mashine?"

"Hapana."

"Na lile furushi chini ya kitanda?"

"La kwenda Kalenga."

Akahamishia debe bega la pili. "Nimekuwa naliona," akasema. "Kila asubuhi kabla sijatoka nainama kwanza, nitazame kama bado lipo."

Mtu anayejua mkewe amefunga nguo, na bado anakwenda kuchokonoa injini siku nzima akitafuta foleni ipungue, utamwambia nini? Niliingia ndani nikalivuta furushi nikalifungua. Nepi za mtoto zilikuwa zimeshika unyevu wa sakafu, zinanuka. Kesho yake jua lilitoka, nikazianika uani, pembeni ya mahindi.