Mwenye Kumwitikia Mgeni

Kwenye kigango kimoja cha ufukweni, upande wa Kihagara, watu huandamana mara mbili siku ya Marehemu Wote. Kwanza hutoka kanisani kwenda makaburi ya juu, walikolala ndugu zao. Kisha hushuka mchangani, kwenye makaburi ya watu ambao ziwa liliwatupa pwani na hakuna aliyewajua. Hao huitwa wageni. Kila mgeni ana familia iliyomchukua. Msafara ukifika kaburini, padre huuliza, "Nani anamwitikia huyu?" na anayemtunza hujibu, "Ni wetu." Padre hunyunyiza maji ya baraka, msafara unasogea.

Mwaka jana nilishuka huko kutoka Mbinga nikiwa na msalaba wa mninga uliofungwa kwenye kanga. Fundi alikuwa amechonga jina la mume wangu, Damiano Kapinga.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, Damiano alipanda boti kwenda msibani Liuli wakati wa masika, boti likapinduka. Mwili wake haukupatikana. Waliookolewa walisema hawakumbuki kumwona majini, na maneno hayo machache yalitosha. Mjini wakasema hakupanda boti kabisa, alivuka kwenda Malawi, ana mwanamke huko. Wakati ule nilikuwa mkuu wa shule. Kila asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi mstarini, na nyuma yangu walisimama walimu waliokuwa wameyasema hayo jana yake. Sikumjibu mtu. Nilihakikisha watoto wanakwenda kanisani wamepigiwa pasi, na kahawa yetu inapaliliwa kwa wakati kama alipokuwepo. Watu walisubiri nilie na sikulia. Baadaye hata nilipokuwa peke yangu, kilio hakikuja.

Kisha binti yetu Jacqueline akapata mchumba wa Ukata. Wazee wa kijana walikuja kwa heshima, wakanywa chai, wakasema kabla ya kuzungumza mahari wangependa kumsalimia marehemu baba wa binti. Wakauliza kaburi liko wapi. Aliyeuliza alikuwa akitazama kikombe chake.

Shemeji yangu Florian, mdogo wake Damiano, ndiye aliyesikia habari za mgeni mmoja aliyezikwa mchangani msimu uleule.

"Shemeji, tumpe jina, yaishe," aliniambia. "Nani atabisha?"

"Una hakika ni yeye?"

"Nina hakika mtoto anataka kuolewa."

Alimwendea padre. Padre akasema hana njia ya kuthibitisha wala ya kukataa. Mjane akiitikia na kutaja jina, msalaba utasimikwa.

Tulifika siku moja kabla, mchana. Joto la kule chini linamwelemea mtu wa milimani. Wanawake walikuwa wakigeuza usipa kwenye vichanja, samaki wale wadogo wanaong'aa, na harufu yake iliingia hata kwenye kanga ya msalaba. Florian alibaki kivulini. Mimi nikaelekezwa kaburini, nikamkuta mama mmoja mzee akifagia mchanga unaolizunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa unakuja." Alikuwa Notburga Mbele, ndiye aliyekuwa akimwitikia mgeni yule miaka yote. "Kaa. Mwenyeji hana kiti, ila hana ubaya."

Mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la samaki alimpigia kelele, "Notburga, leo umemletea mume wako mke mwenza?"

"Huyu hana shida na mtu," Notburga alijibu bila kuinua kichwa. "Hali, halewi, hajui hata kukoroma. Wako je?"

Wote wawili walicheka. Mimi niliweka mfuko wangu chini.

Nilimuuliza ilikuwaje akamchukua. Akaegemea ufagio wake.

"Nilikuwa namtafuta mwanangu, Cleopa. Aliondoka na mtumbwi kwenda kutega nyavu, hakurudi. Wiki ile wakasema kuna mtu ametupwa hapa. Nikaja na marehemu Ephrasia, dada yangu. Uso ulikuwa umeshaharibika. Nikatazama miguu. Cleopa alikatwa kidole na shoka akiwa mdogo, huyu alikuwa na vidole vyote. Nikakaa chini. Ephrasia akasema, basi twende, si wako. Nikamwambia tumwoshe kwanza." Aliokota jani. "Alikuwa na meno mazuri, mwalimu. Yamejaa juu na chini kama mahindi mabichi ya huko kwenu. Nikasema huyu mama yake alimzaa vizuri."

Damiano hakuwa na meno mawili ya mbele, ya juu. Mpini wa mashine ya kukobolea kahawa ulimrudi usoni kabla hatujaoana. Katika picha zote za harusi yetu amefunga mdomo.

"Wako alikuwaje?" aliniuliza.

"Mrefu," nikasema.

"Basi ndiye. Huyu naye alikuwa mrefu." Alifagia tena mahali palipokwisha kuwa safi. "Mimi nilimchukua nikifikiri, huenda huko wangu alikotupwa kuna mama anamfagilia. Sasa umekuja mwenyewe. Kesho itikia wewe, mimi nitasimama na wengine."

Nilimshukuru. Jioni nilikula ugali wa muhogo na samaki kwa katekista, nikajibu maswali yote vizuri. Florian hakuniuliza kitu, nami sikumwambia.

Kesho yake tuliandamana. Wenye kufiwa mwaka ule walitangulia nyuma ya msalaba, kisha wanakwaya, kisha jumuiya na mishumaa yao. Florian alininong'oneza, "Nitapiga video, tuwatumie wazee wa Ukata." Niliangalia visigino vya aliyekuwa mbele yangu, vimepauka kwa mchanga. Niliimba kila ubeti. Naijua sauti ya pili tangu nikiwa shule ya masista, nayo ilitoka yenyewe.

Tulishuka mchangani. Kaburi la kwanza, "Ni wetu." La pili, "Ni wetu." Tukafika kwa mgeni wa Notburga. Msalaba ulikuwa mikononi mwangu, kanga imeshafunguliwa, na watu wa karibu walikuwa wakisoma jina.

"Nani anamwitikia huyu?" Padre aliuliza.

Notburga alitazama chini. Florian alikuwa ameinua simu. Nilitazama herufi zile. Nimelilinda jina la Kapinga lisisemwe vibaya, sikumruhusu mtu kulichezea sokoni wala ofisini. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimelibeba nije kulivisha mtu ambaye si Kapinga.

Padre aliuliza mara ya pili. Nikamshika Notburga mkono.

"Ni wetu," nikasema.

"Jina lake?"

"Jina hatulijui, Padre."

Notburga alinigeukia. Kisha naye akasema, kwa sauti aliyoizoea, "Ni wetu." Maji ya baraka yalitua juu ya mchanga, juu ya miguu yetu, na mengine kwenye ule msalaba. Msafara ukasogea. Florian alishusha simu.

"Shemeji, umefanya nini?" aliniuliza tulipobaki nyuma.

"Huyo alikuwa na meno yote."

Alitia simu mfukoni. Alimjua kaka yake.

Notburga alituletea usipa wa kwenda nao. Aliniambia tu nisifunge mfuko sana, samaki watavunda.

Tulirudi Mbinga kwa basi, msalaba magotini pangu bila kanga. Kituoni, Ottilia, jirani yangu, alisoma jina, akanitazama. "Mwalimu, mbona umerudi nao?"

"Mahali pale hapakuwa pake," nikasema, nikaenda zangu.

Wazee wa Ukata walipokuja tena niliwaandalia chai ileile. Msalaba ulikuwa umeegemea ukuta wa sebule, wauone. Nikawaambia Damiano Kapinga hana kaburi. Alizama ziwani akienda kuzika ndugu, mwili haukupatikana, na sina kingine cha kuwaonyesha ila maji. Anayetaka kumsalimia nitampeleka ufukweni. Nilisema hivyo kama ninayesoma tangazo, na Jacqueline, aliyekuwa akimimina chai, alisimama na birika mkononi.

Mkubwa wao aligeuza kikombe kwenye kisahani, safari hii akinitazama mimi.

"Mama," akasema, "ile barabara ya kushuka Kihagara, wakati huu wa mvua inapitika?"