Miche Elfu Kumi na Saba

Nasike hakumaliza kidato cha pili. Aliacha shule Tongaren mama yake alipougua, lakini namba hakuziacha. Miaka kumi na tisa amekuwa akimwagilia miche ya parachichi katika kitalu cha Chepkemei, nje kidogo ya Kitale, na kila akifikisha miche mia hutupa punje moja ya mahindi ndani ya karai.

Wiki hiyo wakulima wa Bumula, kule Bungoma, walitaka miche yote iliyoshika mizizi. Nasike akatazama karai: punje mia moja. Vidoleni, saba. Akaandika kitabuni: 10,007.

Kitaluni kwao miche ya kuuza hupangwa mistari sawa, kisha idadi ya mistari huzidishwa kwa miche ya kila mstari. Maagizo yalikuwa ya mamia siku zote, kwa hiyo mche ukibaki nje ya mstari, watu husema kuna aliyeiba. Muigai, msimamizi, alipanga asubuhi nzima. Mistari mia, ikabaki saba. Mistari tisini, ikabaki kumi na saba.

"Nasike, hesabu ya ukweli hupangika," alisema. "Umeuza mingine kando, halafu ukaandika iliyobaki. Leo unaenda nyumbani."

"Niende, lakini si kama mwizi. Hii namba haigawiki, bana. Hakuna mistari sawa utakayopata."

"Ati haigawiki! Utajaribu mistari elfu tano ndiyo ujue?"

"Mpaka mia tu. Mia na moja mara mia na moja inapita miche yetu. Kwa hiyo ikipangika, ama mistari ama miche ya kila mstari lazima isizidi mia."

Chepkemei, mwenye kitalu, akavuta kiti. "Muigai, toa simu. Piga hesabu."

Nasike akaokota kipande cha mkaa na kuandika juu ya gunia tupu. Mbili ikishindwa, nne na sita zimeshindwa pia. Zikabaki namba ishirini na tano zisizogawika za kujaribu, mbili ikiwemo. Kwa tatu, ikabaki miwili. Kwa saba, minne. Kwa kumi na tatu, kumi. Wafanyakazi waliweka mikebe chini wakasogea. Kwa themanini na tisa, thelathini na tisa.

"Ya mwisho," alisema Nasike. "Tisini na saba."

Muigai alibonyeza. Akabonyeza tena.

"Imebaki kumi na sita," alisema polepole.

Vigelegele vikapasuka kitaluni. Chepkemei alichukua kitabu mkononi mwa Muigai, akampa Nasike. "Kuanzia leo hesabu ya hapa ni yako." Akawageukia wengine. "Akisema miche iko, iko."

Muigai alikuna kichwa, akamgeukia Nasike. "Mama, na ukiongezeka mmoja?"

Nasike alifumba macho kidogo. "Mistari sabini na mbili. Mia moja thelathini na tisa kila mmoja."

Simu ikakubali. Muigai akaenda kivulini, akabeba mche mmoja aliojipandia mwenyewe, mikono miwili kama anayebeba mtoto, akaupeleka kwenye lori la kwenda Bumula.