Jino Lililonyamaza Hutangulia

Saa moja asubuhi, mfagizi wa zahanati anaegemeza ufagio ukutani na kuanza kuikagua foleni. Watu arobaini na watatu wameshika mashavu. Daktari wa meno huja mara moja kila miezi mitatu, na leo atahudumia ishirini tu kabla gari halijamrudisha.

Mfagizi huyu wanamwita Mama Foleni. Haulizi nani katangulia kufika. Ana swali moja: "Jino linasemaje leo?"

"Linanitoa roho," anajibu muuza mkaa.

"Pole, dada. Afadhali linalopiga kelele. Kaa hapo."

Fundi baiskeli amekwishavaa kofia. "Mimi naondoka, mama. Liliniuma wiki mbili, juzi likanyamaza lenyewe. Acha nimpishe mwenye shida."

Mfagizi anampapasa chini ya taya. Pana kivimbe kigumu kama kokwa.

"Mwanangu, wewe ndiye wa kwanza."

Foleni inachachamaa. "Haumwi, halafu anatangulizwa? Ni shemeji yako?"

"Angekuwa shemeji ningemwacha aende zake."

Wanacheka, mikono ikiwa bado mashavuni.

Kanuni hiyo hakuisoma popote. Miaka sita iliyopita kaka yake, mchoma matofali, alimsubiri daktari huyuhuyu wiki nane. Mjini wapo wa kulipia, lakini kung'oa jino moja ni nusu ya mshahara wa mfagizi, bado nauli. Siku ilipowadia, jino lilikuwa limetulia. Akampisha jirani, akarudi tanurini. Siku ya nne shingo ikavimba. Siku ya sita wakamzika.

"Alikuwa na adabu," anasema, akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia vumbi. "Daktari alinieleza baadaye. Jino likishakufa halilii tena, lakini usaha ndio kwanza unaanza safari."

Tangu hapo daktari humwachia yeye foleni.

Fundi anatoka akiuma pamba, anataka kusema neno.

"Usiongee. Uma pamba."

Daktari anachungulia mlangoni. "Huyu hakuwa wa kungoja miezi mitatu, mama. Nani mwingine amenyamaza?"

Saa nane gari linaondoka. Ishirini na watatu wanabaki, na mfagizi anaandika majina yao daftarini. Ameomba daktari aje kila mwezi, bado hajajibiwa. Kwa sasa ana mpango wake: wiki moja kabla ya safari ijayo, atapita kazini kwa watu na swali lake.

"Nitaanzia tanurini," anasema, akiuchukua ufagio. "Pale hawapendi kusumbua mtu."