Kuni za Mguu wa Marsiana

"Umenifunga mguu kama furushi, halafu kila siku unafungua unachungulia. Unatafuta nini humo, dhahabu?"

"Natafuta usaha, mama. Tulia."

Hivyo ndivyo Marsiana alivyozungumza na nesi Sekela tangu siku ya kwanza, na nesi naye hakuwa mtu wa kumeza neno. Marsiana alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee. Walimhamisha kwa nguvu kutoka kilimani kwao, nyumba wakaibomoa, wakamleta katika kijiji cha ujamaa upande wa Msanzi, huko Ufipa. Tangu hapo chochote chenye harufu ya serikali alikitemea mate. Sekela alikuwa na harufu hiyo, na juu ya hayo alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya.

Jembe lilimchana juu ya vidole akipiga matuta ya kufukia nyasi. Mtoto hana, mume hana. Mguu ukikatwa, nani atalima? Hilo ndilo lililomkokota mpaka zahanati, si mapenzi.

Sekela alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akaosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akamchoma sindano ya pepopunda, akafunika kwa kitambaa safi. Sasa Ufipa ni nyasi tupu, kuni unazifuata mwendo wa nusu siku, na kila mwenye kidonda alileta zake za kuchemshia maji. Marsiana angezitoa wapi na mguu ule?

"Nitachemsha kwa kuni zangu," alisema Sekela. "Ukipona unirudishie mzigo mmoja."

"Kumbe hata kuni mnakopesha. Haya, andika."

Siku ya tisa Marsiana akafungua kitambaa mwenyewe, nyumbani. Akaona nyama nyekundu, mbichi, yenye vipunje, na alipoigusa ikatoa damu. Kwa alivyojua yeye, kidonda kinachopona huwa kikavu na cheusi. Huku ni kuoza, akasema, na yule binti ananificha. Akachukua gunzi la hindi, akakwangua mpaka machozi yakamtoka, kisha akapaka masizi ya chungu kama alivyokuwa akipaka mama yake.

Baada ya siku tatu mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, unawaka, unanuka. Jirani yake Kornel akampakia kwenye baiskeli, naye njia nzima akamtukana Kornel kwa kila shimo.

Sekela alifungua, akafumba macho kidogo.

"Nani kakukwangua?"

"Mimi. Nilikuwa naoza, wewe umenyamaza."

"Ile ilikuwa nyama mpya, mama. Kidonda kinajaa kutoka chini, ndipo ngozi inatambaa kutoka pembeni. Umepalilia ukang'oa ulezi, magugu ukayaacha."

"Na wewe siku tisa unachungulia, hukuweza kufungua mdomo ukasema huu ndio ulezi?"

Sekela alichovya kitambaa majini. Aliosha masizi pole pole, Marsiana akiuma ncha ya kanga.

"Sikusema," alisema Sekela. "Nilidhani hutasikia."

"Ningekataa kwanza. Kisha ningesikia."

Akadungwa penisilini siku tano mfululizo. Sekela alimwambia waziwazi: akiona wekundu unapanda kuelekea gotini, au akishikwa na homa ya kutetemeka, asingoje asubuhi, apelekwe Sumbawanga, na huko wanaweza kuukata mguu. Akamwamuru aketi na mguu juu ya kigoda, ale maharage, asikiguse kidonda. Kila walipobadilisha kitambaa alimgeuza kichwa: "Tazama. Hii nyekundu ni yako, iache. Huu ute wa manjano unaonuka ndio adui." Marsiana alitazama huku akiguna kwamba Wanyakyusa wana maneno mengi. Hawakupendana hata chembe. Lakini wekundu haukupanda, na kingo za kidonda zikaanza kusogeleana, wiki kwa wiki.

Ulezi ulikuwa umeshavunwa Marsiana alipotokea zahanati kwa miguu yake miwili, mzigo wa kuni kichwani, vumbi mpaka magotini. Aliutupa mlangoni, mwiko wa uji ukamponyoka Sekela ndani.

"Deni lako."

Sekela akatoka, akavunja ukuni mmoja, akanusa. "Mbichi hizi."

"Zianike. Jua nalo unataka nikubebee?"

"Mzigo wenyewe mdogo."

"Na maji yako hayakuwa yamepoa vizuri."

Sekela akazihesabu kwa macho, akainama, akaanza kuziingiza ndani. "Haya. Yameisha," alisema, bila kugeuka.

Marsiana akakung'uta kanga, akaenda zake.